Kijana Akimwaga Damu, Tumshike Mzazi au Jamii?

Kijana wa miaka 15 akimchoma mwenzake kisu, hufunguliwa kesi mbili. Ya kwanza iko polisi na mahakamani, na mshtakiwa wake anajulikana. Ya pili husikilizwa majumbani, misibani, redioni na kwenye simu za watu, na humo kijana mwenyewe husahauliwa upesi. Wanaopandishwa kizimbani ni wengine: upande huu wazazi walioshindwa kulea, upande ule jamii iliyoharibika.

Kesi hii ya pili inastahili kusikilizwa vizuri kuliko tunavyoisikiliza, maana hukumu yake hugeuka sheria, bajeti na namna ya kumtazama jirani. Anayeamini kosa ni la mzazi atadai mzazi atozwe faini au afungwe. Anayeamini kosa ni la jamii atamwacha mzazi akae akingoja mambo yabadilike. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: wajibu wa kwanza ni wa mzazi, lakini kadiri mtoto anavyokua, uwezo wa kumgeuza hutoka nyumbani na kuhamia nje. Jamii inayoupokea uwezo huo huku ikiukataa wajibu wake inamwonea mzazi na kumtelekeza mtoto.

Swali moja lenye maswali matatu ndani

Tukiuliza "nani anawajibika?" huwa tumeuliza mambo matatu kwa mpigo. Nani alisababisha? Nani alaumiwe? Nani anatakiwa kufanya jambo kuanzia leo? Majibu yake si lazima yamwangukie mtu mmoja. Mama anayefanya kazi zamu ya usiku ili watoto wasilale njaa hayupo nyumbani saa ambazo mwanawe anazurura. Kutokuwapo kwake kunaweza kuwa sehemu ya sababu, lakini kumlaumu ni ukatili, na hata hivyo kutafuta namna ya kumdhibiti mwanawe bado ni jukumu lake. Mwalimu aliyehamia shuleni wiki iliyopita hakusababisha chochote na hana lawama yoyote. Akiona makovu mapya mgongoni mwa mwanafunzi, wajibu unamshika palepale.

Mabishano mengi huvurugikia hapa. Mmoja anaeleza sababu, mwenzake anasikia lawama, anaanza kujitetea, na wajibu unabaki hauna mwenyewe.

Ukali huanza mapema kuliko tunavyodhani

Baada ya kila tukio watu huuliza: mtoto huyu amejifunzia wapi ukatili? Richard Tremblay na wenzake huko Montreal, Kanada, waliofuatilia watoto kwa miaka mingi, walionyesha kwamba swali hilo limekaa kichwa chini miguu juu. Umri ambao binadamu hupiga, huuma, husukuma na kunyang'anya mara nyingi zaidi si miaka 15 wala 18. Ni karibu miaka 2 hadi 4. Hatuuogopi ukali huo kwa sababu mtoto wa umri huo hana nguvu na hana silaha. Kuanzia hapo, watoto walio wengi hupunguza ukali mwaka hadi mwaka. Wanajifunza kusubiri, kuomba, kusema kwa maneno, kuvumilia wakinyimwa. Basi cha kuuliza ni nani alipaswa kumsaidia kuacha kupiga, na msaada huo ulikwama wapi.

Kwa miaka hiyo ya mwanzo jibu halina utata: ni walezi wa nyumbani. Hakuna shule wala serikali inayoamka usiku kumtuliza mtoto wa miaka mitatu.

Namna mambo yanavyoharibika nyumbani ilielezwa vizuri na mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, ambaye yeye na wenzake walikwenda kukaa ndani ya nyumba za watu na kuandika walichokiona dakika kwa dakika. Walikuta jambo la namna hii. Mama anamwambia mtoto azime televisheni. Mtoto hageuki. Mama anarudia kwa sauti ya juu. Mtoto anafoka. Mama anatishia. Mtoto anatupa kiatu, anajibwaga chini, anapiga mayowe. Mama amechoka, ana mengine yanayomngoja, anasema, "Haya, fanya unavyotaka," anaondoka. Mayowe yanakoma.

Katika dakika mbili hizo wamefundishwa watu wawili. Mtoto amejua kwamba akizidisha ghasia anashinda. Mama amejua kwamba akiachia anapata utulivu. Kesho mama akishinda kwa kumcharaza, funzo halibadiliki: anayetisha zaidi ndiye anayepata. Jambo hilo likijirudia mara kadhaa kwa siku, miaka nenda miaka rudi, mtoto ataingia shuleni akiwa na ujuzi mmoja tu wa kupata anachotaka. Wenzake watamkwepa, mwalimu atamtoa nje, na watakaobaki kumkaribisha ni wale waliofukuzwa kama yeye.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa walisema kweli. Ila angalia vizuri: katika kisa hicho hakuna mzazi mwovu. Kuna mzazi aliyechoka. Patterson mwenyewe alisisitiza kwamba ufukara, ndoa kuvunjika, sonona na kuhamahama huvuruga malezi kwanza, na malezi yaliyovurugika ndiyo yanayomfikia mtoto. Uchovu wa mama huyo umeingia kupitia mlangoni, umetoka kazini, kwa mwenye nyumba, kwa baba aliyeondoka.

Kuna nyumba zenye ubaya halisi pia, na hatuna haki ya kuzifunika. Mwaka 1989 mtafiti Cathy Spatz Widom alichukua kumbukumbu za mahakama za Marekani za watoto walioteswa au kutelekezwa, akawalinganisha na watoto wa hali kama yao ambao hawakupitia hayo. Waliokuja kukamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu walikuwa asilimia 15.8 ya waliopigwa, asilimia 12.5 ya waliotelekezwa, na asilimia 7.9 ya wale wa kulinganishwa. Namba hizo zinasema mambo mawili, na yote mawili yashikwe pamoja. Kipigo kiliambatana na uwezekano maradufu, na kutojaliwa kulikaribia kipigo, ingawa mtoto asiyejaliwa hana alama mwilini na hakuna jirani anayesikia kilio. Jambo la pili ni kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi ya waliopigwa hawakukamatwa kwa ukatili wowote katika kipindi hicho. Mtoto aliyeteswa hajaandikiwa kuwa mtesaji. Tukisahau hilo, tutamtazama kila mtoto aliyeumizwa kama mhalifu wa kesho, na huko ni kumuumiza mara ya pili.

Lipo jingine wazazi wengi wanalijua mioyoni lakini wanaona haya kulisema. Watoto hawaji duniani wakiwa sawa. Mwaka 1968 Richard Bell aliwakumbusha watafiti wenzake kwamba walipokuwa wakiona mzazi mkali na mtoto mkali, walidhani mshale unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, ilhali unaweza kutoka upande wa pili. Mtoto asiyetulia, asiyelala, anayewaka kwa jambo dogo, humchosha mzazi hadi akawa mkali au akakata tamaa. Mgeni anayeingia miaka kumi baadaye anamkuta mzazi aliyekata tamaa na kutangaza kwamba chanzo ameshakipata. Ndugu wawili wa tumbo moja, waliolala chumba kimoja, mmoja akawa muuguzi na mwingine akawa gerezani: mzazi yuleyule. Hii haimwondolei mzazi wajibu. Inaonyesha kwamba wapo wazazi waliopewa kazi nzito kuliko wenzao bila kuongezewa mkono wa kuwasaidia.

Kisha mtoto anatoka nje

Ujana hubadilisha hesabu. Kwa karne mbili takwimu za nchi nyingi zimekuwa zikionyesha mchoro uleule: makosa ya jinai hupanda kwa kasi katika miaka ya ujana, hufikia kilele, kisha hushuka. Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu, aliuona mchoro huo mnamo 1831. Ikiwa malezi mabaya ndiyo sababu pekee, ingekuwaje wazazi wa dunia nzima wawe wabaya mtoto akifika miaka 15, kisha wawe wema akifika 25?

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt alipendekeza tutenganishe makundi mawili. Lipo kundi dogo la watoto wanaoanza ukali wakiwa wadogo sana na kuendelea nao hadi utu uzima. Kwao matatizo ya ubongo na hisia ya utotoni hukutana na nyumba yenye dhiki. Na lipo kundi kubwa la vijana ambao hawakuwa na shida utotoni, wanaingia katika makosa ujanani kwa kuiga wenzao, na wengi huacha wakipata kazi, mchumba na heshima ya utu uzima. Utafiti wa Philadelphia uliofuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa 1945 ulishaonyesha jinsi kundi la wakorofi sugu lilivyo dogo: asilimia 6 yao ndio waliofanya zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyorekodiwa.

Tofauti hiyo inapaswa kubadilisha namna tunavyozungumza. Kijana aliyekuwa anang'ata wenzake akiwa na miaka mitatu na leo anachoma watu visu ana historia ndefu ambayo nyumba, zahanati na shule zote ziliishuhudia. Kijana aliyekuwa mpole hadi miaka 14, kisha akapatikana katika kundi lililompiga mtu hadi kufa, ana historia ya miezi, na wahusika wake wakuu ni rika lake. Kuwauliza wazazi wa wote wawili "mlimlea vipi?" ni kuuliza swali moja kwenye magonjwa mawili.

Nguvu ya rika imepimwa. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu 306 mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, ambapo mchezaji huamua aendelee au asimame taa inapobadilika. Wengine walicheza peke yao, wengine wenzao wakiwa wanatazama. Watu wa miaka 24 na kuendelea hawakubadilika sana. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi mno mbele ya wenzao. Ubongo wa umri huo unahisi raha na sifa kwa nguvu kubwa, huku sehemu ya mbele inayozuia na kupima matokeo ikiwa bado inakomaa. Kijana anayekusikiliza vizuri sebuleni hadanganyi. Ni kwamba mtu anayetenda saa nne usiku akiwa na wenzake watano hana kichwa kilekile cha sebuleni.

Hapo watu humwambia mzazi: basi mchunguze, ujue yuko wapi na nani. Ushauri huo una ukweli nusu. Ni kweli kwamba vijana ambao wazazi wao wanajua nyendo zao hufanya makosa machache. Lakini Håkan Stattin na Margaret Kerr, katika utafiti wao wa vijana wa miaka 14 nchini Uswidi uliochapishwa mwaka 2000, waliuliza wazazi hao walijuaje. Kwa sehemu kubwa hawakujua kwa kupekua wala kwa kuhoji. Walijua kwa sababu mtoto aliwasimulia mwenyewe. Anayesimulia ni yule ambaye kwa miaka mingi alipotoa siri hakuchekwa, hakupigwa, hakutangazwa kwa shangazi na majirani. Mzazi anayeanza upekuzi mwana akiwa na miaka 15 amechelewa, ingawa hajachelewa kabisa kuanza kusikiliza.

Na huko nje anakokwenda kukoje? Mwaka 1997 Robert Sampson, Stephen Raudenbush na Felton Earls walichapisha utafiti wa mitaa 343 ya Chicago, ambako watu 8,782 waliulizwa mambo ya kawaida kabisa. Watoto wakitoroka shule na kujikusanya kwenye kona ya barabara, majirani wako wangefanya lolote? Wakipigana mbele ya nyumba yako, je? Watu wa hapa wanaaminiana? Mitaa ambako majirani waliaminiana na walikuwa tayari kuingilia kati ilikuwa na ukatili mdogo, hata baada ya kuzingatia umaskini wa wakazi. Mtu anayesema "jamii" akimaanisha serikali peke yake asome tena maswali hayo. Jamii ni yule anayepita kona ile jioni na kusema, au kunyamaza.

Hata hivyo kuaminiana huko hakuoti popote. Watafiti haohao waliona kwamba hudhoofika pale ufukara unaporundikwa sehemu moja na pale watu wanapohamahama kila mara. Huwezi kumkemea mtoto usiyemjua mama yake, na hutamjua mama yake ikiwa kodi itamhamisha kabla ya mwaka kwisha. Kodi, ajira na mipango ya makazi huamuliwa na watu ambao hawatamwona kamwe kijana yule wa kona.

Mahakamani Michigan

Novemba 30, 2021, katika shule ya sekondari ya Oxford, Michigan, mvulana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wanne kwa bastola. Baba yake alikuwa ameinunua siku nne kabla. Asubuhi ya siku hiyo mwalimu aliona kwenye karatasi yake ya hesabu mchoro wa bastola, mtu anayevuja damu, na maneno yenye maana ya "mawazo hayakomi, nisaidieni". Wazazi waliitwa. Shule ilitaka apelekwe kwa mshauri nasaha. Wazazi hawakumchukua kwenda nyumbani na hawakutaja bastola. Uongozi wa shule ulimruhusu arudi darasani, na begi lake halikupekuliwa. Silaha ilikuwa humo.

Mwaka 2024 mama na baba walihukumiwa, kila mmoja katika kesi yake, kwa kosa la kuua bila kukusudia, wakapewa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kutiwa hatiani namna hiyo kwa mauaji ya halaiki ya shuleni yaliyofanywa na mtoto wao. Mtoto mwenyewe alihukumiwa kifungo cha maisha.

Naiona hukumu ya wazazi kuwa ya haki, na sababu yake ni finyu. Hawakuhukumiwa kwa kulea vibaya. Walihukumiwa kwa sababu walimpatia silaha mtoto aliyekuwa akionyesha dalili, waliuona mchoro ule kwa macho yao, na walikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Hatari ni kulipanua jambo hilo hadi kila mzazi wa kijana mhalifu awe mshtakiwa. Mawazo hayo ni ya zamani. Colorado ilikuwa na sheria ya kumwadhibu mtu mzima anayechangia uhalifu wa mtoto tangu 1903. Faini anayotozwa mama anayelea peke yake hutoka kwenye kodi ya nyumba, na kifungo chake humwachia nyumba tupu mdogo wa mhalifu, ambaye ndiye tuliyetakiwa kumwokoa.

Zaidi ya hapo, kile kikao cha asubuhi kilikuwa na watu wa pande mbili. Jamii ilikuwa imeketi mezani pamoja na wazazi, ikiwa na karatasi ileile mkononi. Sheria ilipata namna ya kuuhukumu upande mmoja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 18, unawapa wazazi jukumu la kwanza la malezi, na palepale unaitaka dola iwape wazazi msaada unaofaa na kujenga huduma za kutunza watoto. Serikali nyingi hunukuu nusu ya kwanza.

Msaada unaosaidia, na unaodhuru

Nia njema haitoshi. Kuanzia 1939 hadi 1945 mradi wa Cambridge-Somerville, Massachusetts, uliwapa mamia ya wavulana washauri, masomo ya ziada, matibabu na kambi za mapumziko, huku wengine wanaofanana nao wakiachwa bila huduma hiyo. Mtafiti Joan McCord alipowatafuta miaka 30 baadaye, waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiosaidiwa, katika uhalifu wa kurudia, ulevi na afya. Maelezo yaliyopata nguvu baadaye ni kwamba ukiwakusanya vijana wakorofi pamoja, wanafundishana na kushangiliana. Ziara za kuwatisha vijana kwa kuwapeleka magerezani zilipopimwa zilikutwa zinaongeza makosa. Kila tunapojenga kambi ya kurekebisha tabia na kuwajaza humo wakorofi watupu, tunarudia kosa hilo kwa fedha za umma.

Yaliyofaulu yana sura nyingine. Elmira, New York, wauguzi waliotumwa na David Olds waliwatembelea nyumbani akina mama wenye umri mdogo na maskini tangu ujauzito hadi mtoto alipofika miaka miwili. Watoto hao walipokuwa na miaka 15 walikuwa wamekamatwa mara chache kuliko wenzao. Chicago, kiangazi cha 2012, vijana kutoka shule 13 zenye ukatili mwingi walipewa kazi ya wiki nane yenye mtu mzima wa kuwaongoza. Katika miezi 16 kukamatwa kwao kwa makosa ya kutumia nguvu kulipungua kwa asilimia 43 ukilinganisha na waliokosa kwa bahati nasibu. Mradi wa kwanza ulipitia kwa mzazi, wa pili haukumgusa mzazi kabisa. Umri wa mtoto ndio ulioamua mlango wa kuingilia.

Kinachoniuma zaidi ni miaka ya katikati, kati ya mtoto mchanga na kijana wa kiangazi. Mzazi anayekwenda ofisini kusema "mwanangu wa miaka 12 ananitisha, amempiga mdogo wake hadi akazimia" huulizwa kama kuna kesi. Hakuna kesi, basi anarudi nyumbani. Ipo njia ya kazi iliyoanzishwa na Scott Henggeler huko Marekani, ambapo mtaalamu mmoja hushika familia nne hadi sita tu, huwafuata nyumbani na shuleni, hupatikana kwa simu usiku na mchana, na kwa miezi mitatu hadi mitano hushughulika kwa pamoja na mzazi, mwalimu na marafiki wa kijana. Matokeo yake yametofautiana nchi na nchi, na inahitaji watu waliofundishwa vizuri na wasiolemewa. Lakini mzazi anayepiga simu saa saba usiku anapokelewa kabla damu haijamwagika, na mtu aliye upande wa pili wa simu analijua jina la mwanawe.